Kulungu na dubu katika safari moja: niliyojifunza Kodiak

Kila anayesikia kwamba nilikwenda kuwinda dubu Kodiak, kisiwa cha jimbo la Alaska, huniuliza kwanza nilibeba bunduki gani. Swali hilo nitalijibu, ila ugumu wa safari ile haukuwa kwenye bunduki. Kulungu na dubu wanaishi kisiwa kimoja, misimu yao inakutana mwishoni mwa Oktoba, na mtu anajiambia: nitatoka mara moja, nimalize yote mawili. Kumbe ni mawindo mawili yanayovutana mashati. Dubu anakutaka ukae mlimani kutwa nzima, kimya, ukiupima upepo kila baada ya muda. Kulungu ukishampiga umetangaza kwa ghuba nzima kwamba upo: mlio, damu, matumbo, na nyama ambayo sheria inakulazimisha uitoe porini. Maandalizi yote yanategemea umeamua nini kuhusu mvutano huo kabla hujapanda ndege. Sisi tuliamua dubu kwanza, kulungu mwishoni. Sasa hivi nikiulizwa, nasema hivyo hivyo.

Mimi naishi Anchorage, napakia mizigo uwanja wa ndege. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaozungumza Kiswahili huku Alaska, kwa sababu maswali yanayonifikia yanafanana, na baadhi ya majibu wanayopeana watu kwenye simu yanaweza kumtia mtu mahakamani.

Nianze na sheria. Kwa Alaska, asiye mkazi wa jimbo akitaka dubu wa kahawia lazima aongozane na mwongozaji mwenye leseni, au, kama ni raia wa Marekani, na ndugu yake wa karibu aliye mkazi. Mwongozaji wa Kodiak hupita dola 25,000 kwa safari moja. Mkazi, yaani mtu aliyeweka makao jimboni miezi 12 mfululizo akiwa na nia ya kubaki, anaweza kwenda mwenyewe. Nilipokata leseni ya mkazi ilikuwa dola 45, na lebo ya chuma ya kufunga kwenye ngozi ya dubu dola 25. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wadhani mkazi anawinda bure. La, gharama zipo, zinakuja kwa mlango mwingine, na nitazitaja. Jambo jingine: shemeji yako akija kutembea kutoka Dar au Mombasa, usimpe bunduki apige hata kulungu. Asiye raia wa Marekani na asiye mkazi wa Alaska anahitaji mwongozaji kwa mnyama yeyote mkubwa. Na kwa ambaye bado yuko kwenye viza ya muda, sheria ya shirikisho kuhusu kushika silaha ina masharti yake, hivyo aulize wakili kabla hajagusa kitu.

Kibali cha dubu Kodiak, sehemu kubwa ya kisiwa, hutolewa kwa bahati nasibu. Maombi ya msimu ujao hufunguliwa Novemba 1 na kufungwa Desemba 15, na matokeo hutoka Februari. Msimu wa vuli wenyewe ni Oktoba 25 hadi Novemba 30. Kwa hiyo ukipata kibali una miezi minane ya kujiandaa, na utaihitaji yote. Kisiwa kimegawanywa maeneo madogo, kila eneo na idadi yake ya vibali, na kibali chako hakivuki mpaka wa eneo lako. Hapa ndipo ninapomsihi mtu aketi na ramani kabla ya kuomba. Watu huangalia eneo gani lina nafasi kubwa ya kushinda, wakashinda, halafu wakagundua kwamba hakuna pwani tulivu ya ndege kutua, au ardhi ya bondeni ni mali ya mashirika ya wenyeji Waalutiiq, kama ilivyo sehemu nyingi karibu na vijiji vya Larsen Bay na Old Harbor. Ardhi ile ina wenyewe na ruhusa inaombwa. Sehemu kubwa iliyobaki imo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1941, na ilianzishwa kwa ajili ya dubu hao hao.

Inafaa kumjua mwenye nyumba. Dubu wa Kodiak wametengana na wenzao wa bara tangu mwisho wa zama za barafu, kama miaka 12,000 iliyopita, na wako takriban 3,500 katika visiwa vile. Dume kubwa linaweza kufika kilo 680. Kulungu wa Sitka wao ni wageni: waliletwa na watu kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kisha tena miaka ya 1930, wakazaana wakajaa. Dubu amejifunza kuishi na mgeni huyo. Samaki wanapopungua mitoni mwezi Oktoba na Novemba, dubu bado anajaza mwili kabla ya kuingia pangoni, na wako waliokwisha kujua kwamba mlio wa bunduki maana yake ni matumbo ya kulungu. Novemba 1999, katika kisiwa cha Uganik, jirani na Kodiak, mwindaji wa kulungu aliuawa na dubu. Mambo hayo ni nadra, lakini mazingira yaliyoyaleta ndiyo yale yale utakayoingia wewe: vuli, mtu yuko kwenye kulungu, dubu yuko kwenye vichaka.

Jina langu lilipotoka Februari nilimpigia mwenzangu, kijana wa Tanga tunayefanya naye kazi. Hakuwa na kibali cha dubu, ila yeye naye ni mkazi, alikuwa na tiketi za kulungu, yaani karatasi zinazokuruhusu kumpiga. Akaniambia, "Kaka, mimi naja, lakini jibu moja: nyama nani anabeba?" Hakuna swali bora zaidi ya hilo, na tulilifanya msingi wa mpango mzima. Tulianza kuhesabu kutoka mwisho kuja mwanzo: ngozi ya dubu mkubwa ikiwa mbichi pamoja na fuvu inaweza kuzidi kilo 45, kulungu mmoja aliyekatwa vizuri ni mzigo wa mtu mmoja, na hapo bado hema, uzio, chakula na maji ya mvua yaliyoingia kwenye kila kitu. Kutokana na hesabu hiyo tuliweka mpaka: hatutapiga mnyama zaidi ya mwendo wa saa moja na nusu kutoka kambini, hata akiwa mkubwa namna gani.

Mwili tuliuandaa kwenye mlima wa Flattop, juu ya Anchorage, kila mtu na mfuko wa unga wa kilo 20 mgongoni. Nashauri usifanye mazoezi ya kupanda tu. Kushuka na mzigo ndiko kunakovunja magoti, na Kodiak hakuna njia. Kuna miti ya ualda iliyolala kwa mteremko, matawi yake yanakuelekea wewe unayepanda, unapita umeinama ukiwa umekumbatia bunduki. Mita 200 za vichaka vile zinaweza kukumalizia saa nzima.

Sasa bunduki. Wazoefu wengi wa Alaska huiona bunduki ya kipimo cha .30-06 yenye risasi nzito ya greni 200 au 220 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) kuwa kiwango cha chini kwa dubu wa kahawia, wengine hupenda kipimo kikubwa zaidi, .338 au .375. Nilijaribu .338 ya jirani yangu, mzee aliyezaliwa huku. Baada ya risasi chache bega langu likaanza kuogopa, na mkono ukaanza kuvuta kabla ya wakati. Mzee akanitazama akasema, "Mwanangu, chukua ile unayoipiga macho yakiwa wazi." Nikabaki na .30-06 yangu. Tulitumia risasi ya aina moja kwa kulungu na kwa dubu, kwa sababu ukibadilisha uzito wa risasi shabaha nayo inahama, na porini hakuna muda wa kukumbuka ipi imo ndani. Kulungu hajali risasi nzito. Tulikwenda uwanja wa shabaha wa Rabbit Creek majira yote ya joto, na nusu ya mazoezi yetu ilikuwa kupiga tukiwa tumekaa, tukiwa tumetoka kukimbia, koti la mvua mwilini na glavu mkononi. Kwa dubu tulijiwekea umbali wa mita 100, usizidi.

Vitu vya kubeba sitavitaja vyote. Vinne tu ndivyo ambavyo ningeacha nguo za kubadilisha ili nivibebe. Cha kwanza ni uzio wa umeme wa betri, mwepesi, wa kuzungushia hema, na wa pili kwa ajili ya nyama. Usiku wa kwanza upepo ulipopiga turubai nilikaa nimeshika tochi nikisikiliza, moyo unadunda hadi masikioni, na sauti ndogo ya mashine ya uzio ikigonga tik, tik, ndiyo iliyonilaza. Cha pili ni pilipili ya kupuliza, kopo moja kwa kila mtu, kiunoni, si ndani ya begi. Ndege ya abiria haiipokei hata kwenye mzigo wa chini, wala gesi ya jiko, kwa hiyo vinunue Kodiak mjini na umwambie rubani wa ndege ndogo unavyo, aviweke nje ya chumba cha abiria. Cha tatu, kifaa cha mawasiliano ya setilaiti, kwa kuwa simu haina kazi. Cha nne, chakula cha ziada cha siku kadhaa. Usitegemee kwamba ndege itakuja siku iliyoandikwa.

Kuhusu nguo nitasema neno moja: pamba iache nyumbani. Mvua ya pale haina msimu, na baridi inayoua si ile ya barafu, ni ile ya nyuzi joto chache juu ya sifuri ukiwa umelowa na upepo unavuma. Sufu, koti na suruali ya mvua isiyo nyepesi, na soksi kavu zilizofungwa kwenye plastiki ambazo hutazigusa ila kitandani.

Gharama kubwa ilikuwa ndege. Ya abiria kutoka Anchorage hadi Kodiak mjini ni kama saa moja, haisumbui. Ni ile ndogo ya kutua majini, ya kukodi, iliyokula zaidi ya vitu vingine vyote vikijumlishwa, na unalipa kwenda na kurudi. Rubani anapima kila kitu kwenye mizani, hata wewe na buti zako. Ndege aina ya Beaver hubeba watu na mzigo kwa jumla ya nusu tani hivi, na ukipata nyama itabidi ulipe safari ya pili. Hiyo iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, maana nimeona watu wanaopigia hesabu safari ya kwenda tu, kisha wanakopa wakiwa ufukweni kwa ujumbe wa setilaiti.

Kabla ya kuruka lazima uripoti ofisi ya idara ya wanyamapori pale Kodiak. Usiione kuwa ni kupiga muhuri tu. Wanakufundisha kutofautisha dume na jike, na wanakukumbusha kwamba jike mwenye watoto haruhusiwi kupigwa, wala watoto wenyewe. Nilichoshika pale ni masikio: dubu mkubwa masikio yake yanaonekana madogo, yamekaa pembeni mwa kichwa kipana. Ukiona masikio yamesimama juu kama ya mbwa, huyo ni mdogo. Ukibahatika, ngozi na fuvu vinarudi ofisi hiyo hiyo kuwekwa lakiri kabla hujaondoka kisiwani, na alama ya jinsia iwe bado imeshikana na ngozi.

Ukungu ulitushikilia mjini. Mwenzangu alikuwa anazunguka hotelini kama simba, mimi nikimwambia pesa ya chumba ni nafuu kuliko mazishi. Ulipofunguka tulitua kwenye ghuba upande wa magharibi, unaotazama mlangobahari wa Shelikof, na hapo sheria nyingine ikaanza kazi. Siku uliyosafiri kwa ndege ndogo huruhusiwi kuwinda dubu hadi saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake. Kulungu sheria hiyo haimhusu. Na kweli, tulipokuwa tunafunga hema, kulungu dume alitoka kwenye nyasi kavu mita 80 tu kutoka pale, shingo imevimba, maana ulikuwa mwanzo wa wakati wao wa kupandana. Mwenzangu akanigeukia. "Kaka, huyu je?" Nikamwambia amwache. Ilimuuma, na mimi pia. Lakini ukimwaga damu karibu na hema siku ya kwanza, kambi yako imegeuka chambo, na bonde lote ulilokuja kuliwinda dubu umelivuruga.

Siku za dubu ni za kukaa. Mwishoni mwa Oktoba mwanga unadumu muda wa saa tisa hivi na unazidi kupungua. Tulipanda kilima kilichotazama mto, tukajifunika turubai, darubini machoni. Tulipiga zamu: mmoja anatazama, mwingine anachemsha chai ya tangawizi upande ambao upepo unapeleka harufu baharini. Upepo ukigeuka, tunashuka na kuondoka, hata kama ni saa nne asubuhi. Jambo hili ndilo gumu kuliko mengine. Mtu aliyelipa pesa nyingi hataki kulala hemani mchana kutwa, lakini harufu yako ikishaingia bondeni dubu wazee wanahama, na hawarudi kwa ajili yako.

Jioni moja alitoka dubu mweusimweusi kutoka kwenye vichaka, peke yake, akishuka polepole kuelekea mtoni. Alikuwa mpana. Upepo ulikuwa wetu. Tukashuka hadi nikamfikia umbali ambao ningeweza kupiga, nikaegemeza bunduki juu ya begi, kidole nje ya kilinda kifyatulio. Kila kitu mwilini kiliniambia piga. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu na darubini, akanong'ona, "Subiri. Subiri bado." Dubu akala nyasi, akakaa kitako, akatazama alikotoka. Muda ukaenda, mikono ikafa ganzi. Kisha ualda ukatikisika na wakatoka watoto wawili, wakubwa kiasi, wakimfuata kwa kukimbia. Nilishusha bunduki nikabaki natetemeka, na haikuwa kwa baridi. Kwa yeyote atakayekwenda, nasihi: dubu wa peke yake mpe nusu saa. Na uwe na mtu nyuma yako ambaye kazi yake ni kukuambia subiri, mtu ambaye hana kibali na hana hamu ya ngozi.

Dume tuliyemtaka tulimwona mara moja tu, mbali, ng'ambo ya mto uliofurika. Tulimwacha apite.

Siku za mwisho zikawa za kulungu. Tulichukua dume wawili kwenye nyasi za mteremko wa wazi, mahali tunapoona mita 100 kila upande. Mwenzangu ni Mwislamu, alitaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, akakimbia na kisu. Kabla ya kazi nyingine tulikata tarehe na mwezi kwenye tiketi, kwa kuwa sheria inataka ufanye hivyo papo hapo. Mmoja akachuna, mwingine akasimama na bunduki akitazama nje, sio akitazama nyama. Tulitoa mapaja, mikono, nyama ya mgongo, mbavu, shingo. Pembe zilikuwa za mwisho, maana kuzitoa pembe na kuacha nyama ni kosa la jinai. Nyama iliingia mifuko ya kitambaa inayopumua, ikasogezwa mbali na matumbo, kwenye jiwe la wazi. Yote hii ilikuwa chini ya saa moja, kwa sababu tulifanya mazoezi ya kukata kwa mbuzi wa sherehe huko Anchorage.

Tulikuwa tunafunga mzigo wa pili ndipo tukasikia pumzi. Nzito, ya puani, kisha meno yakigongana. Dubu alikuwa pembeni mwa ualda, karibu na matumbo, kichwa chini. Nilikuwa na kibali mfukoni na lebo begini. Sikuona mwili wake wote, sikujua ni dume au jike, na jua lilikuwa linazama. Dubu aliyejeruhiwa ndani ya vichaka gizani ni hatari ambayo hakuna ngozi inayoilipa. Tulisema naye kwa sauti ya kawaida, tukarudi nyuma bega kwa bega, nyama mgongoni, pilipili mkononi. Akabaki na matumbo. Na laiti angetaka nyama yenyewe tungemwachia: Alaska hairuhusu kumpiga dubu kwa kisingizio cha kutetea mawindo, isipokuwa nyama hiyo ndiyo uhai wako.

Usiku ule nyama ililala ndani ya uzio wake, mbali na hema, mahali tunapoweza kumulika kabla ya kusogea. Asubuhi tulikuta nyayo zimezunguka nje ya waya, mduara mzima, kisha zimeondoka.

Nilirudi bila dubu. Sikufurahi, na sitajifanya kwamba nilifurahi. Mwaka wa akiba uliishia kwenye ndege na uzio. Nyama ya kulungu iligawanywa kwa familia za jamii yetu, na mama mmoja wa Pemba aliipikia pilau, akairoweka usiku kucha kwa tangawizi na ndimu. Wanaouliza kuhusu nyama ya dubu: sheria kwa kawaida haikulazimishi kutoa nyama ya dubu wa kahawia wa Kodiak, ngozi na fuvu ndivyo vya lazima, na kwa Waislamu wengi huyo haliwi. Atakayeila aipike hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi, kwa sababu ya minyoo ya trikinela, na asitegemee friza, maana aina ya kaskazini inavumilia kugandishwa. Na atakayepata ngozi akataka kuipeleka Tanzania au Kenya ajue dubu wa kahawia yumo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Vibali vya kimataifa vinaombwa mapema, si siku ya kufunga sanduku.

Ripoti ya kulungu ijaze ukifika nyumbani, hata kama hukupiga kitu, na hata kama hukwenda kabisa. Nimeshawaambia wenzangu watatu wanaotaka kuomba safari hii waje kwangu kabla ya Desemba 15, tukae na ramani za maeneo, na kila mmoja aje na jina la mtu atakayembebea nyama.